Paneli ya chini: historia ndogo ya kitu tunachogusa kila siku

Wandugu, leo siongei juu ya muhogo.

Nikiwa mwaka wa mwisho wa licence, virusi vilikula data zangu za shamba, msimu mzima wa mahindi. Rafiki mmoja akafuta Windows kwenye mashini yangu ya zamani, akaweka Ubuntu MATE. Nikafungua: mstari mmoja juu, mwingine chini. Mkono ukapotea. Nilitaka kumwambia arudishe ya kwanza.

Kumbe hiyo mistari iko na historia. Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995, na tangu hapo mkono wetu umezoea: menyu chini kushoto, saa kuume. Kwa upande wa Linux, watu wa GNOME 2 walizoea paneli mbili tangu 2002. Halafu Aprili 2011 GNOME 3 ikatoka, paneli ya chini ikaondolewa. Mwezi uleule Ubuntu ikaleta Unity, paneli ikahamia pembeni kushoto. Wengi walikasirika, juu kazi yao ilisimama ili wajifunze upya.

Mtu mmoja wa Argentina, anayejiita Perberos, hakuishia kulalamika. Leseni ya GNOME 2 ilimruhusu kuchukua kodi yake na kuiendeleza, ndiyo akaanzisha MATE mwaka uleule. Jina ni la mmea! Wenzangu wa agronomia, ni Ilex paraguariensis, ule ambao majani yake wanakunywa kule kama sisi chai.

Ubuntu MATE ilikuja 2014, na ndani yake kuko MATE Tweak. Unaifungua, unaenda kwenye sehemu ya paneli, unachagua Redmond, jina la mji wa Microsoft. Mara moja paneli inabaki moja, chini, menyu kushoto, saa kuume. Ukitaka zile mbili, chagua Familiar.

Nilichagua Redmond, nikamaliza mémoire yangu hapo hapo.

Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi tulizonazo hapa Bunia haziwezi kupokea Windows 11. Mdogo wako akikuomba msaada, kumbuka jambo moja la shambani: mkulima ukimpa mbegu mpya, usimbadilishie na jembe siku ileile. Muwekee Linux, lakini paneli iache pale mkono wake unaijua.

Wewe, ya kwako iko wapi, juu ao chini?