Njia ya maji ya Bukama–Kongolo

Njia ya maji ya Bukama–Kongolo ni sehemu ya Mto Lualaba inayopitika kwa vyombo, yenye urefu wa kilomita 640 hivi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inaanzia Bukama, mkoani Haut-Lomami, na kuishia Kongolo. Juu ya hapo maporomoko huzuia meli. Chini ya Kongolo mto huingia katika genge la Portes d'Enfer. Umuhimu wa bandari ya Bukama ulikua baada ya reli kutoka Elisabethville (sasa Lubumbashi) kuifikia mwaka 1918. Reli ya kutoka Bukama kwenda Port-Francqui (sasa Ilebo) ilikamilika mwaka 1928.

Kipande kigumu zaidi kiko katika bonde la Upemba, hasa Ziwa Kisale. Mafunjo hushikana kwa mizizi yakawa visiwa vinavyoelea, ambavyo wavuvi wengine hujenga vibanda juu yake. Upepo au mkondo ukivisukuma, mfereji uliokuwa wazi huweza kuzibika, hivyo ramani ya zamani haitoshi peke yake. Njia hudumu ikifyekwa, ikichimbwa na kuwekewa maboya; kwa mito ya ndani ya nchi kazi ya maboya na uchimbaji ni ya Régie des Voies Fluviales. Kiangazi maji hupungua na mafungu ya mchanga hujitokeza. Mtu wa omoni hupima kina kwa upondo, na nahodha husoma rangi na viwimbi vya maji, kazi isiyofanyika vema gizani.