Uongoaji: Neno la Ardhi Inayopona

Kuna neno la Kiingereza linalowatesa wafasiri wa habari za mazingira: "rewilding". Lilizuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kundi la wanaharakati wa mazingira waliokuwa na Dave Foreman. Mwaka 1998 wanasayansi Michael Soulé na Reed Noss wakalipa maana ya kitaalamu: hifadhi kubwa, shoroba za kuziunganisha, na wanyama wakubwa wala nyama warudishwe walikofutwa. Mfano unaotajwa sana ni mbwa mwitu waliorudishwa katika hifadhi ya Yellowstone mwaka 1995. Tangu hapo neno limetanuka. Leo linamaanisha ardhi kurudishiwa miti na viumbe vyake, kisha binadamu apunguze mkono wake na kuacha mambo yaende.

La kwanza kumjia mfasiri ni "kurudisha pori". Kisarufi halina kasoro. Lakini lipeleke kwenye mkutano wa kijiji Tanzania uone kama mkutano utamalizika kwa amani.

Kwa mwanakijiji wa Tanzania, "pori" ni neno la sheria pia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua Mapori ya Akiba na Mapori Tengefu, na mfugaji anajua kuwa la kwanza halimruhusu kuingiza ng'ombe. Juni 2022, vigingi vilipowekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 ndani ya Pori Tengefu la Loliondo, Wamaasai walioishi na kuchunga humo walijikuta nje ya mpaka, na taarifa za vurugu zilisambaa duniani. Baada ya hayo, anayekuja na kauli ya kurudisha pori hawezi kulalamika akieleweka kuwa amekuja kuhamisha watu.

Shaka hii si ya Afrika peke yake. Nyanda za juu za Uskoti zilifukuzwa wakulima wake wadogo katika karne ya 18 na ya 19 ili kondoo wa mabwana wa ardhi wapate malisho. Wajukuu wa waliobaki wanaposikia mabonde yale yakiitwa nyika ya asili inayongoja kurudishiwa upori, huuliza kwa haki: hao waliokuwa wakilima hapa mnawahesabu kuwa nani?

Wasukuma wa Shinyanga wana sababu ya ziada ya kutolipenda neno pori. Kwa babu zao, pori lilikuwa makazi ya mbung'o, na mbung'o waliua ng'ombe na kuleta malale. Serikali ya kikoloni, ambayo iliweka kituo chake cha utafiti wa mbung'o hapohapo Shinyanga, iliendesha kampeni za kufyeka vichaka tangu miaka ya 1920. Mbung'o walirudi nyuma. Miti nayo ikaondoka, mashamba ya pamba yakachukua nafasi yake, mifugo ikaongezeka. Kisha watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja miaka ya 1970, wakaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza kwa vizazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umechakaa kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea masafa marefu kutafuta kuni, na pasipo kuni walichoma samadi ambayo ingerutubisha mashamba.

Hapo ndipo ulipoanza mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliuita HASHI. Ulikuwa wa serikali, kwa msaada wa Norwe, na baadaye watafiti wa kimataifa wa kilimo mseto wakaungana nao. Mwanzoni ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya: ulianzisha vitalu, ukaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ukawahimiza watu wapande. Watu hawakuichangamkia. Mche unahitaji maji, na maji yalikuwa ya kunywa. Mafanikio yalikuja mradi ulipogeukia jambo ambalo wenyeji walikuwa nalo kabla ya mradi wowote: ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, nyasi zikaota bila kuguswa, kisha likafunguliwa kidogo kidogo kiangazi kinapobana, wakilishwa hasa ndama, wazee na wagonjwa wa zizini na maksai wa kulimia. Asili yake ni akiba ya majani, wala hakuna aliyeifikiria kuwa hifadhi ya msitu. Lakini eneo likipumzika miaka kadhaa, visiki vilivyodhaniwa vimekufa huchipua, mizizi iliyobaki ardhini husukuma machipukizi, na mbegu za mgunga zilizopita katika tumbo la ng'ombe au mbuzi huota zilipoangukia. Mti unarudi bila mtu kushika jembe.

Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika hazikuzidi sana hekta 600. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliotolewa mwaka 2005, ulioongozwa na Gerald Monela, uliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Ulikadiria pia kuwa mazao ya ngitili yalimpa mtu mmoja thamani ya dola 14 hivi kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo. Mazao yenyewe ni yale yale ya siku zote: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga, matunda.

Nani aliyelinda? Si askari wa wanyamapori. Sheria zilitungwa katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na wavunjaji wakashughulikiwa na sungusungu, jeshi la jadi lililokuwa limeibuka kupambana na wezi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo ndani ya ngitili iliyofungwa alitozwa faini na watu aliokutana nao kisimani kila asubuhi.

Sisemi kwamba ngitili ni pepo. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na asiye na ardhi akabaki kutegemea ya kijiji, au kununua malisho kwa jirani. Vichaka vilipofunga, wanyama nao walirudi, na utafiti ule ule wa 2005 ulihesabu hasara za mazao na mifugo walizosababisha. Wahamasishaji wa Ulaya hulipita haraka jambo hili: kurudi kwa fisi ni habari njema kwa anayesoma gazeti, si kwa anayelala karibu na zizi la mbuzi. HASHI ilifungwa mwaka 2004. Baadhi ya ngitili zimegeuzwa mashamba tangu hapo, nyingine zimeendelea.

Dodoma wanayo lugha yao ya jambo hilihili. Njia aliyoieneza Tony Rinaudo, Mwaustralia, huko Maradi nchini Niger kuanzia mwaka 1983, ina jina refu la kitaalamu linalohusu wakulima kusimamia uotaji wa asili. Ilipofikishwa kwa wakulima wa Dodoma na shirika la LEAD Foundation, iliitwa Kisiki Hai. Mkulima huchagua kisiki chenye machipukizi, hupogoa yaliyo dhaifu na kuacha machache yenye nguvu, hufunga kitambaa ili wengine wajue kuwa mti huo una mwenyewe, kisha huulinda. Jina limekuwa bora kuliko la Kiingereza, kwa sababu anayelisikia mara moja anajua afanye nini.

Turudi kwenye istilahi. "Kuasilisha" ardhi hakufai, kwa kuwa kuasili ni kumchukua mtoto wa mwingine awe wako kisheria. "Uhuishaji" ungependeza, lakini waandishi wa filamu wameshauchukua kwa ajili ya katuni. "Urejeshaji" unatumika sana, nao una tatizo la kuuliza swali lisilo na jibu moja: kurejesha mpaka lini? Shinyanga ya kabla ya pamba, au ya kabla ya ng'ombe?

Linalobaki ni "uongoaji". Wataalamu wa misitu na maofisa wa mazingira wa Tanzania wamekuwa wakisema kuongoa ardhi iliyoharibika, na nadhani walichagua vizuri. Kuongoa ni kuweka sawa kilichopotoka. Mambo yakienda vizuri twasema yameongoka. Neno halidai kurudi mwaka fulani, wala halimfukuzi mtu. Linahitaji kiambatanisho tu. Pale miti inaporudi kwa visiki, mizizi na mbegu zilizomo ardhini, tuseme "uongoaji wa asili". Pale miche ya miti ya asili inapopandwa, tuseme "uongoaji kwa kupanda". Wanyama wakirudishwa kwa makusudi, hilo litajwe waziwazi, kwa kuwa wenyeji wana haki ya kulijadili kabla.

Na shamba la mikaratusi au misindano lisiitwe uongoaji hata kidogo. Ni kilimo cha miti, kazi halali yenye soko lake, lakini haina uhusiano na miombo wala migunga iliyokuwepo. Kauli ya "kupanda miti" imeficha tofauti hii kwa miaka mingi, na imewapa viongozi wengi nafasi ya kupigwa picha na mche wasioutembelea tena.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Katika mpango wa Afrika wa kuongoa hekta milioni 100, AFR100, Tanzania imeahidi hekta milioni 5.2 na Kenya milioni 5.1, zote kufikia 2030. Sehemu kubwa ya ardhi inayoweza kuhesabiwa humo ina wakulima na wafugaji juu yake. Vipeperushi vitaandikwa, mabango yatasimamishwa, maofisa wataingia vijijini na maneno. Nawaomba wenzangu wanaotafsiri na kuhariri: neno pori tuliachie sheria ya wanyamapori, tuandike uongoaji, na kila kijiji chenye neno lake kama ngitili, neno hilo litangulie kwenye bango.