Daftari za Mvua na Mashine Inayozisoma

Tangu zamani watu wa Masisi na Walikale wamejua kusoma mawingu. Mhunde wa mlimani alijua siku za kupanda maharagwe, na Mnyanga wa msituni alijua miezi ambayo mito ya Lowa na Oso hujaa. Siku hizi wazee wetu wasema kwamba mvua si ile tena: yakawia, kisha yaja kwa hasira. Je, ni kweli? Kumbukumbu ya mzee ni hazina, lakini haina tarakimu. Mwenye kutaka kujua kama mvua ya leo yapita ile ya mwaka 1950 hana budi awe na kipimo cha mwaka 1950. Basi twataka kueleza habari za vipimo hivyo: jinsi vilivyoandikwa, jinsi vilivyosahauliwa, na jinsi mashine za siku hizi zinavyosaidia kuvifufua.

Mwaka 1933 serikali ya Wabelgiji iliunda shirika la uchunguzi wa kilimo lililoitwa INEAC. Kituo chake kikuu cha uchunguzi kilikuwa Yangambi, kando ya mto Kongo, upande wa magharibi wa Kisangani. Huku Kivu lilikuwa na kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu. Mwaka 1947 likaundwa shirika jingine la elimu, IRSAC, ambalo makao yake yalijengwa Lwiro. Tusidanganyane: nia kubwa ya INEAC ilikuwa faida ya kahawa, pamba na michikichi, wala si chungu cha mama wa kijijini. Lakini kazi yenyewe ilifanywa kwa uangalifu. Kila asubuhi, saa ile ile, mtu alikwenda kwenye kipima-mvua, akapima maji, akaandika. Milimeta moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila meta mraba ya ardhi. Misioni nyingine nazo zilikuwa na kipima-mvua uani, na padre, bradha au mwalimu akiandika katika daftari. Wengi wa waandishi hao walikuwa Wakongo ambao majina yao hakuna ayajuaye leo.

Huko Yangambi walikuwapo pia waangalizi wa miti. Kuanzia mwaka 1937 hadi miaka ya 1950 waliangalia miti ipatayo 2,000 na kuandika lini yachanua, lini yazaa, lini yapukutisha majani.

Ilipofika mwaka 1960, nchi ikapata uhuru, kisha zikaja taabu. Daftari nyingi zilikuwa zimehifadhiwa Ubelgiji, nyingine zilibaki Yangambi katika makabati. Mtaalamu Franz Bultot alitumia vipimo hivyo kutengeneza atlasi kubwa ya hali ya hewa ya bonde la Kongo, iliyochapishwa kati ya 1971 na 1977. Lakini vituo vyenyewe vikawa vinakufa kimoja kimoja. Kwetu, vita vilivyoanza mwaka 1993 huko Walikale na Masisi viliwatawanya watu. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hawezi kurudi asubuhi kupima maji.

Hasara ya jambo hili tuliiona wazi mwaka 2023. Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei, mvua kubwa ilishuka katika teritwari ya Kalehe, inayopakana na Masisi. Ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi. Maji, matope na mawe yalifunika Nyamukubi na Bushushu, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mungu awape raha ya milele. Mwezi Juni, wataalamu wa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama kuongezeka kwa joto la dunia kumezidisha maafa fulani, walitoa hesabu yao. Nao walisema nini? Walisema hawawezi kuamua, kwa sababu vipimo vya mvua kandokando ya ziwa Kivu ni vichache mno. Tufikiri vema, ndugu. Wafu wetu walihesabiwa, lakini mvua iliyowaua haikuweza kulinganishwa na ya zamani.

Ndiyo maana wataalamu wa Ubelgiji na Kongo walianza kuzifungua daftari za kale. Katika kazi iliyoitwa COBECORE, kurasa zilipigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi nyingi wakanakili tarakimu kwa njia ya intaneti. Hapo ndipo akili mnemba inapofaa, yaani kompyuta inayofundishwa kwa mifano. Huonyeshwa maelfu ya tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, pamoja na jibu la kila moja, mpaka ijue kutofautisha 1 na 7. Kisha huweza kusoma kurasa nyingi kuliko mikono ya watu. Hata hivyo hukosea, na lazima mtu aikague.

Mfano mmoja umekwisha kuzaa matunda. Mwaka 1958 ndege ilipiga picha msitu wa Yangambi. Mwaka 2020 Koen Hufkens na wenzake walichapisha kazi yao: waliifundisha kompyuta kutambua msitu na mahali palipokatwa katika picha hizo, eneo la hektari zipatazo 93,000, kisha wakalinganisha na hali ya siku hizi. Waliona kwamba zamani mashamba makubwa ya kampuni yalikata msitu kwa mistari iliyonyoka. Leo ni vishamba vidogo vya wenyeji vilivyotawanyika. Waliona pia kwamba sehemu nyingi za mashamba yale ya kale zimeota msitu tena. Hivyo asiseme mtu kwamba msitu wa Kongo ulianza kuumizwa na mkulima maskini.

Kanisa halikuogopa elimu ya namna hii. Padre Benito Viñes, Mjesuiti wa Havana, alitangaza tufani kabla haijafika mwaka 1875, kwa sababu alikuwa amepima upepo na mawingu kwa miaka. Baba Mtakatifu Fransisko alitufundisha katika Laudato Si', mwaka 2015, kuitunza nyumba yetu ya wote. Na Januari 2025 Vatikano ilitoa hati Antiqua et nova, inayokumbusha kwamba mashine ni kazi ya akili ya mtu, nayo haiwezi kushika nafasi ya mtu mbele ya Mungu.

Basi, sisi wa Masisi na Walikale tufanye nini? Tusikae tukingoja mashine itoke ng'ambo kutuambia habari za mvua yetu. Palipo na amani, kila parokia na kila shule yaweza kuweka kipima-mvua, daftari na mtu mwaminifu mmoja. Aandike tarehe na milimeta, hata siku ambayo haikunyesha, aandike sifuri. Gharama yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni uaminifu wa kila siku, na huo twaujua kwa sala ya asubuhi. Bwana wetu aliwakemea waliojua kutazama wingu wasitambue wakati wao. Wajukuu wetu watauliza mvua ya siku zetu ilikuwaje. Mashine yao itakuwa na nguvu kuliko ya leo, lakini haitaweza kusoma daftari ambalo sisi hatukuliandika.