Kuna Joto, Nasikia Joto: Nafasi ya Lugha katika Historia ya Kupima Hewa ya Ndani ya Majengo

1.0 Utangulizi



Kiswahili kina njia mbili za kulitaja joto. Msemaji husema kuna joto anapoeleza hali ya mahali, na husema nasikia joto anapoeleza hali yake mwenyewe. Watu wawili waliokaa katika chumba kimoja huweza kukubaliana juu ya kauli ya kwanza na kutofautiana juu ya ya pili, na asiwepo mwongo kati yao. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba historia ya kupima hewa ya ndani ya majengo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutafuta uhusiano baina ya kauli hizi mbili, na kwamba mwanaisimu ana kazi katika utafutaji huo.

2.0 Kutoka Karatasi hadi Mtu

Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wa kudhibiti unyevu wa hewa katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Mtambo ule ulikusudiwa kuihudumia karatasi, ambayo ilikuwa ikitanuka na kunywea kwa unyevu na kuharibu mpangilio wa rangi. Karatasi haiulizwi inasikiaje. Kipimo pekee kilitosha.

Swali la mtu lilihitaji mbinu nyingine. Mwaka 1923 Houghten na Yaglou walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Pittsburgh, ambamo watu walitembezwa baina ya vyumba viwili vyenye joto na unyevu tofauti na kuulizwa walivyosikia. Mwaka 1936 Thomas Bedford, aliyewachunguza wafanyakazi wa viwandani Uingereza, alitumia mizani ya maneno yenye ngazi saba. Tangu hapo namba za vifaa zimeandikwa sambamba na maneno ya watu.

3.0 Mlinganyo na Wapinzani Wake

Mwaka 1970 P. O. Fanger wa Denmark alitoa kitabu kilichoiongoza taaluma hii kwa miongo kadhaa. Alitaja vigezo sita: joto la hewa, joto litokalo kwenye kuta na vitu vya karibu, unyevu, mwendo wa hewa, mavazi, na kazi inayofanywa na mwili. Vinne vya mwanzo hupimwa kwa vifaa; viwili vya mwisho aghalabu hukadiriwa. Mlinganyo wake hubashiri wastani wa majibu ya watu kwenye mizani ya ngazi saba, na kwa hesabu yake, hata hali ikiwa bora kabisa, asilimia 5 ya watu hawataridhika.

Makadirio hayo yana udhaifu. Mwaka 2015 Kingma na van Marken Lichtenbelt walionyesha kwamba kiwango kinachotumika cha joto linalozalishwa na mwili, ambacho msingi wake ni mwanamume wa wastani, huweza kukadiria joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke kupita kiasi kwa hadi asilimia 35.

Upinzani mwingine ulianza miaka ya 1970. Nicol na Humphreys walidai kwamba watu hufungua madirisha, hubadili nguo na huzoea majira, hivyo joto linalowaridhisha hufuata hali ya nje. Mwaka 1998 de Dear na Brager waliunga mkono hoja hiyo kwa data zipatazo 21,000 kutoka majengo 160, na mwaka 2004 kiwango cha Marekani kiitwacho ASHRAE 55 kiliikubali kwa majengo yanayopitisha hewa kwa madirisha. Hazina ya data iliyotolewa mwaka 2018 ina safu zaidi ya 81,000. Leo vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto na unyevu na kuweka kumbukumbu kila baada ya dakika chache, vinaongeza namba hizo bila kukoma. Hata hivyo, kwa swali la raha, namba ya kihisi hupata maana inapowekwa kando ya jibu la mtu.

4.0 Ngazi Saba kwa Kiswahili

Hapa ndipo penye tatizo letu. Katika Kiingereza, upande wa baridi una maneno mawili ya msingi: moja la baridi kali, jingine la ubaridi wa wastani ambao mara nyingi hupendeza. Neno letu baridi hubeba yote mawili: maji baridi hutamaniwa, baridi ya Julai kule Njombe hukimbiwa. Mfasiri akiandika baridi kidogo, mkazi wa Dar es Salaam mwezi Februari huenda akaisoma kama sifa, na mkazi wa Makete akaisoma kama lalamiko.

Upande wa joto nao haujipangi kama ngazi. Fukuto si joto lililozidi tu. Ni joto pamoja na unyevu na hewa iliyotulia, yaani vigezo vitatu vya Fanger katika neno moja. Vuguvugu huelekea zaidi kwenye maji na chakula. Katikati ya mizani, shwari husifu mahali ambapo neno lisiloegemea upande linahitajika.

Tatizo hili si letu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wenye dodoso zaidi ya 8,000 katika lugha 21, ulidhihirisha kwamba wahojiwa hawaoni wote nafasi sawa baina ya ngazi, wala hawaiweki raha katikati wote.

5.0 Hitimisho

Neno likikosewa katika dodoso, kihisi kitaendelea kupima kwa usahihi, lakini namba zake zitaambatanishwa na jibu la swali jingine. Kwa ushahidi huo madirisha yataweza kufungwa, kiyoyozi kikafungwa ukutani, na gharama ikalipwa na watu ambao hawakueleweka walichosema. Hatuna budi, basi, kuanza na wasemaji wenyewe: kuwauliza wa Lamu, wa Arusha na wa Kisumu maneno wanayotumia, wayapange wao, kisha mpangilio huo ujaribiwe kabla ya kuitwa mizani. Kifaa kitatueleza kuna nini chumbani. Anachosikia aliyemo humo, atatueleza mwenyewe, kwa lugha yake.