Brashi ilivyoingia kwenye michoro ya vekta

Mteja akileta nembo aliyoipiga picha kwa simu, fundi wa mabango wa Kariakoo au River Road huanza kazi kwa kuichora upya. Picha ile ni ya pikseli, na ukiivuta ifike upana wa ukuta kingo zake zinaota meno. Nembo ya vekta haina tatizo hilo. Ndani yake mna nukta chache na hesabu inayoeleza mstari upite vipi kati ya nukta hizo, kwa hiyo kompyuta huuchora upya kila inapopewa ukubwa mpya. Usafi huo ulikuwa na gharama yake. Kwa miaka mingi mchoraji wa vekta hakuwa na brashi; alikuwa na kalamu ya kupanga nukta moja baada ya nyingine, na mkono wake haukuonekana popote kwenye kazi.

Njia hizi mbili, ya vekta na ya pikseli, ziliachana mapema. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu MIT, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga kwenye kioo cha kompyuta ya TX-2. Ilikuwa michoro ya kihandisi: ukiamuru mistari miwili iwe sambamba, inabaki sambamba. Miaka 10 baadaye, katika maabara ya Xerox PARC huko California, Richard Shoup aliunda SuperPaint, na hapo rangi ikaanza kupakwa pikseli kwa pikseli. Macintosh ilipoingia sokoni mwaka 1984, kila mnunuzi aliweza kuona tofauti. MacPaint ya Bill Atkinson ilikuwa na brashi, kopo la kupulizia na ndoo ya kumwagia rangi. MacDraw ilikuwa na mistari, duara na mistatili.

Mstari uliopinda, ambao ndio uhai wa vekta, ulitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau alianza kuufanyia kazi Citroën mwaka 1959, lakini kampuni ilificha matokeo yake. Pierre Bézier wa Renault aliruhusiwa kuchapisha ya kwake, na ndiyo maana mistari hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Adobe waliiingiza kwenye lugha yao ya uchapaji, PostScript, kisha mwaka 1987 wakatoa Illustrator, programu ya kuchora kwa vekta. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa na mke, Marva, aliyekuwa mbunifu wa michoro, na mahitaji ya kazi kama yake yalichangia kuzaliwa kwa programu hiyo. Illustrator ilijitambulisha kwa uso wa Venus wa Botticelli, mchoro wa rangi kutoka Italia ya karne ya 15. Lakini mtumiaji wa matoleo ya mwanzo alifanya kazi kwenye mistari mitupu, na ilimlazimu abadili mwonekano ndipo aone rangi alizochagua. Venus wa aina ile asingeweza kupakwa humo.

Upande wa pikseli haukusubiri. Mwaka 1991 Fractal Design walitoa Painter, iliyoiga chaki, mkaa na rangi ya mafuta, wakaiuza ndani ya kopo la rangi la bati.

Jibu la upande wa vekta lilitoka kwa Siu Chi Hsu, na kwa maoni yangu jina lake linastahili kutajwa mara nyingi zaidi ya linavyotajwa. Mwaka 1994 yeye na Irene Lee waliwasilisha, kwenye SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, njia ya kuupa mchoro uti wa mgongo. Chukua mchoro wowote wa vekta, tuseme jani la mwembe lenye vishipa vyake vyote. Upitishe uti katikati, toka kikonyo hadi ncha. Sasa chora mstari wowote kwa mkono. Uti unaufuata mstari huo, na jani zima linapinda nao, vishipa vikipinda pamoja. Ukichora mstari mrefu, jani linarefuka. Ukitaka kikonyo kisivutike, unakifungia kipimo chake. Mpigo huo ukishakaa kwenye karatasi, uti unabaki mstari wa kawaida: unaweza kuusogeza kesho au mwaka ujao, na jani litatii. Hilo halikuwezekana kwa rangi ya maji, wala kwa Painter. Brashi ilikuwa imeingia kwenye vekta, ikiwa imebeba picha mahali pa rangi.

Wazo hilo likawa programu ya Expression, iliyotengenezwa na kampuni ya Creature House ya Hong Kong na kutolewa na Fractal Design mwaka 1996. Miaka miwili baadaye Illustrator 8 ikaja na brashi zake, zikiwemo za kutandaza mchoro kando ya mstari, na wachoraji wengi walikutana na jambo hili humo kwa mara ya kwanza. Creature House ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2003.

Jonathan Gay alipita njia nyingine. Programu yake ya SmartSketch, iliyokusudiwa kompyuta za kalamu, ilikua ikawa FutureSplash na hatimaye Flash. Humo brashi haikuacha uti wowote. Iliacha umbo lililojazwa rangi, na mipigo miwili ya rangi moja ikigusana iliungana kuwa umbo moja. Mchoraji wa katuni alipenda hivyo, kwani hakulazimika kuhesabu tabaka. Adobe walileta brashi ya namna hiyo kwenye Illustrator CS4 mwaka 2008.

Inkscape, programu huria iliyozaliwa mwaka 2003, ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa haimdai mtu leseni na kwa kuwa zana zake mbili zinafundisha mengi. Ya kwanza ni kalamu ya khati, iliyojengwa juu ya Dynadraw, programu ya Paul Haeberli ya mwaka 1989. Haeberli aliipa ncha uzito, akaifunga kwa kipanya kama kwa springi. Mkono ukitetemeka, uzito unauchelewesha na mstari unatoka laini. Unaweza kuongeza uzito, kuamua mstari ukonde kiasi gani mkono unapokwenda kasi, na kuweka pembe ya ncha. Anayeandika khati ya Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi, kama walivyoandika wanachuoni wa Lamu na Siyu, ataielewa pembe hiyo papo hapo: ikishakaa, unene wa mstari unafuata upande ambao mkono unaelekea.

Zana ya pili ni ndoo ya rangi. Vekta haina kidimbwi cha kumwagia, kwa kuwa mistari inayoonekana kuzunguka eneo inaweza kuwa ya vitu vitano visivyojuana. Kwa hiyo ndoo ya Inkscape hugeuza kwanza kile kinachoonekana kwenye kioo kuwa pikseli, humwaga rangi humo, kisha huyafuatisha matokeo kwa programu ya Potrace ya Peter Selinger na kuyarudisha kuwa vekta. Ndiyo sababu ukikuza mwonekano kabla ya kumwaga, ukingo unatoka sahihi zaidi. Ukibaki ufa mwembamba kati ya rangi na mstari, kuna kipimo cha kulitanua umbo kidogo likaingia chini ya mstari.

Mwaka 2010 Illustrator CS5 ilithubutu kuiga nywele za brashi zenyewe. Kila mpigo ni rundo la njia nyembamba zinazopitisha mwanga, zikilala moja juu ya nyingine. Matokeo yanapendeza, lakini hesabu yake ni nzito kiasi kwamba mipigo hiyo ikizidi 30, programu inakuonya unapotaka kuchapa au kuhifadhi. Affinity Designer, iliyotoka 2014, ilikwepa mzigo huo: uti wa mpigo ni vekta, lakini chembe za rangi zilizotandazwa juu yake ni picha ya pikseli. Adobe Fresco ya mwaka 2019 inampa mchoraji brashi za aina zote mbili kwenye kisanduku kimoja cha zana, ila mpigo wa vekta na wa pikseli kila mmoja unakaa kwenye tabaka lake.