Klachi za Kuunganishwa kwenye Njia ya Olbalbal

Njia inayopanda kutoka bonde la Olbalbal hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro huchosha klachi, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, na baada ya mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, kisha vita vya Uganda vya 1978–1979 kukausha fedha za kigeni, vipuri viliadimika Tanzania nzima. Land Rover za Series III, zilizotoka mwaka 1971, zilitumia sahani ya klachi ya inchi 9.5, ilhali nyingi za zamani zilikuwa na ya inchi 9. Kwa uhaba huo, kuchanganya vipuri vya matoleo hayo, ambako wengi hukulaumu kwa haraka mno, kulidai kulinganisha kipenyo, meno ya katikati na matundu ya boliti za presha pleti, kibanio kinachoikandamiza sahani kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, vipuri vya viwanda visivyo vya Land Rover vilizidi kuingia.