Maji Hayavunji Mbavu: Hola 1959 na Faili Zilizofichwa



Kama umewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Garissa, basi umepita karibu na Hola, pengine umelala. Mji mdogo, joto kali, Mto Tana hapo kando. Babu yangu mzaa mama alikuwa utingo wa lori katika njia hiyo enzi za ujana wake. Kila tukipita naye alikuwa akisema neno moja tu: "Maji hayavunji mbavu." Basi, ananyamaza, anaendelea na tasbihi yake. Mimi mtoto, nikidhani ni fumbo la wazee tu. Nilipoingia chuo kikuu kusoma historia ndipo nikajua kumbe yule mzee alikuwa akiijibu serikali.

Hebu tukae kidogo, ndugu yangu, nikusimulie.

YALIYOTOKEA

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Dharura kwa sababu ya Mau Mau. Waingereza hawakupenda kuiita vita, lakini ilikuwa vita, na maelfu kwa maelfu ya watu walitiwa kizuizini bila kupelekwa mahakamani. Kufikia 1959 wengi walikuwa wameachiliwa. Wale walioonekana kuwa sugu, waliokataa kukiri na kukataa kufanya kazi, walipelekwa mbali, na Hola ilikuwa moja ya kambi hizo.

Afisa mmoja wa magereza, John Cowan, akatengeneza mpango. Mahabusu watolewe kwa makundi, wapelekwe shambani kwenye kazi ya umwagiliaji, na wakikataa walazimishwe. Tarehe 3 Machi 1959 watu zaidi ya 80 walitolewa chini ya ulinzi wa askari wenye marungu. Jioni ilipoingia maiti zilikuwa zimelala chini, na hesabu ya mwisho ikawa watu 11. Wengine wengi waliumizwa vibaya.

Sasa sikiliza taarifa iliyotolewa Nairobi siku ya pili yake. Ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Haikutaja rungu hata moja. Msomaji wa gazeti asiyejua kitu angedhani labda maji yaliharibika, au labda watu walikunywa kupita kiasi kwa sababu ya jua.

Uongo huo haukudumu. Uchunguzi wa vifo ulifanywa mbele ya hakimu W. H. Goudie, na madaktari walioipasua miili wakaeleza walichokiona. Hakimu akakata kauli kwamba vifo vilitokana na mshtuko na kuvuja damu kwa ndani, kwa sababu ya vipigo vingi. Julai 1959 jambo hili likawaka moto katika Bunge la Uingereza. Barbara Castle wa chama cha upinzani alilisimamia kwa ukali, na hata Enoch Powell, aliyekuwa wa chama tawala chenyewe, alisimama usiku akawaambia wenzake kwamba hawawezi kulikwepa jukumu. Pamoja na hayo yote, hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Utasema, sasa kama hakimu ameshasema, kuna ubishi gani tena? Upo. Serikali ilisema lile lilikuwa kosa la siku moja, la askari wachache waliopotoka katika kambi moja ya mbali. Wazee waliotoka vizuizini wakasema sivyo, ule ulikuwa mtindo, na wakubwa walijua. Huo ndio ubishi uliobaki kwa zaidi ya miaka 50: je, Hola ilikuwa ajali, au ilikuwa amri?

FAILI ZILIKWENDA WAPI?

Jibu la swali kama hilo huwa kwenye karatasi za siri: barua za Gavana, ripoti za Special Branch ambao walikuwa polisi wa upelelezi, na maelezo ya maafisa wa kambi. Ukienda pale Moi Avenue, Nairobi, kwenye lile jengo kubwa la zamani la benki ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, utakuta mengi ya wakati wa ukoloni. Lakini mengine hutayakuta ng'o.

Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwa makoloni yaliyokaribia uhuru. Karatasi yoyote ambayo ingeiaibisha serikali ya Uingereza, au polisi, au jeshi, au watoa habari wake, au kufichua njia za upelelezi, isiachiwe serikali mpya. Hapa Kenya faili ziligawanywa mafungu mawili. Kulikuwa na "Legacy", yaani za kuachiwa Waafrika, na "Watch", zilizopigwa muhuri wa herufi W. Hizo za W ziliruhusiwa kushikwa na raia wa Uingereza wa asili ya Ulaya peke yao. Karani Mwafrika hata kuzigusa hakuruhusiwa. Ikiwa faili imetolewa mahali pake, iwekwe nyingine ya bandia ili pengo lisionekane.

Nyingi zilichomwa moto, na amri ilikuwa hata majivu yavunjwevunjwe. Zisizoweza kuchomwa ziliruhusiwa kutiwa kwenye masanduku mazito na kuzamishwa kwenye maji ya kina kirefu. Nyingine, kama faili 1,500, zilisafirishwa kwa ndege kwenda London kabla bendera yetu haijapandishwa Desemba 12, 1963. Kenya ilipokuja kuziomba mwaka 1967, ikanyimwa.

Na sisi wenyewe hapa nyumbani hatukuwa na haraka ya kuulizia. Mau Mau iliendelea kuhesabiwa na sheria yetu kuwa chama haramu mpaka 2003. Miaka 40 baada ya uhuru!

ZILIVYOPATIKANA

Juni 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London. Mmoja wao alikuwa Wambugu wa Nyingi. Alikamatwa mkesha wa Krismasi 1952 na akashikiliwa karibu miaka tisa bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Siku ile ya Machi alikuwa Hola. Katika ushahidi wake alieleza kwamba alipigwa mpaka akazimia, akachukuliwa pamoja na maiti, akalala nazo siku mbili kabla ya watu kugundua kwamba bado ana pumzi.

Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walisaidia upande wa wazee. Hapa ndipo pana somo, ndugu msomaji. Anderson hakuwa na faili zenyewe mkononi. Alichokuwa nacho ni nyayo zake. Katika karatasi nyingine, zisizokuwa za siri, alikuta zimetajwa faili zilizoondolewa Nairobi, masanduku yake kama 300, na nafasi zilizochukua kwenye rafu. Akaiambia mahakama: vitu hivi viliondoka, kwa hivyo mahali fulani vipo. Viko wapi?

Serikali ya Uingereza ikabanwa. Mapema 2011 ikakiri kwamba faili zilikuwako Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali katika jimbo la Buckinghamshire. Wala hazikuwa za Kenya pekee. Zilikuwa faili karibu 8,800 kutoka makoloni 37. Kuanzia Aprili 2012 zikaanza kufunguliwa kwa umma katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, chini ya namba FCO 141. Mtu yeyote mwenye kadi ya msomaji anaweza kuziagiza, mimi na wewe tukijaaliwa nauli.

NDANI MLIKUWA NA NINI?

Mlikuwa na mengi, lakini chukua moja. Juni 1957, miaka miwili kabla ya Hola, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu kambi za Mwea, ambako mahabusu wapya walikuwa wakipokewa kwa kipigo ili wavunjike moyo. Mwanasheria hakusema jambo hilo likome. Alieleza namna lifanywe: wanaopiga wawe watulivu, wasiwe na hasira. Akaongeza kwamba kama wanakwenda kutenda dhambi, basi waitende kimyakimya.

Soma tena hapo. Huyo ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa sheria katika nchi.

Cowan, yule wa mpango wa Hola, alitokea katika kazi hiyohiyo ya Mwea. Ukiziweka karatasi hizi kando ya maneno ya wazee, unaona kwamba kilichofanyika Hola kilikuwa na baba na mama. Kilianza mezani, kikaandikwa kwa kalamu nzuri, kikapata baraka za juu, ndipo kikafika kwenye marungu ya askari.

Mawakili wa Uingereza walisema mambo yamepita zamani mno na haki haiwezi kutendeka tena. Oktoba 2012 Jaji McCombe akakataa. Sababu moja kubwa aliyoitoa ni kwamba karatasi zilizopo ni nyingi mno, kwa hivyo kesi inaweza kusikilizwa kwa haki. Zile faili zilizofichwa ili watu wasahau, ndizo zilizowafungulia wazee mlango. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama Bungeni akaeleza majuto ya serikali yake, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Hata hivyo aliendelea kukana kwamba serikali yake inawajibika kisheria.

KARATASI NAYO NI SHAHIDI

Sasa usije ukadhani nakwambia karatasi ni kila kitu. Hapana. Tuliosoma madrasa tunamkumbuka ustadh akitufundisha kuuliza kabla ya kupokea khabari: nani kasimulia? Kapokea kwa nani? Alikuwepo? Maswali hayohayo yanafaa kwa faili ya serikali.

Ile taarifa ya maji ni karatasi halali kabisa, ina tarehe na ofisi. Lakini aliyeitoa alikuwa Nairobi, alikuwa akiwaandikia watu wa magazeti, na alikuwa na jambo la kulinda. Ile barua ya 1957 iliandikwa na mkubwa kumwandikia mkubwa mwenzake, naye hakutarajia mimi na wewe tuisome. Kwa hivyo ina uzito zaidi. Halafu yapo majeraha ya maiti, ambayo hayana upande. Halafu yupo Nyingi mwenyewe. Mashahidi watatu wanaafikiana, na mmoja amebaki peke yake na maji yake.

Na uchunguzi usiwe wa upande mmoja. Mau Mau nao waliua raia. Machi 1953 kule Lari walichoma nyumba za watu na kuua wanawake na watoto, kisha yakafuata mauaji ya kulipiza kisasi. Anayetafuta ukweli wa Hola asiogope kuusoma wa Lari. Na mahali ambapo karatasi zilichomwa, tuseme zilichomwa. Tusijaze pengo kwa kutunga, maana tukitunga sisi, tumekuwa sawa na mwenye hadithi ya gari la maji.

NASI JE?

Mwaka 2005, kabla faili hazijafunguliwa, Caroline Elkins alitoa kitabu chake kuhusu vizuizi hivyo. Wakosoaji walimlaumu kwa kutegemea mno maneno ya wazee. Ati wazee husahau, wazee huongeza chumvi. Faili zilipofunguka, mengi waliyosema wazee wale yakakutwa yameandikwa na wakoloni wenyewe.

Lakini wakati haungoji mtu. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi baadaye, na mwaka 2018 ikaanguka. Sababu kubwa ilikuwa kwamba muda umepita mno. Ushahidi ni kama tende, una msimu wake.

Ndugu msomaji, kila nyumba ya pwani ina jambo lake la zamani lenye ubishi: shamba lililochukuliwa, mtu aliyekamatwa asirudi, kijiji kilichohamishwa wakati wa vita vya Shifta. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na iko sheria ya 2016 inayoeleza namna ya kuziomba. Andika barua. Ukijibiwa kwamba hakuna faili, omba jibu hilo kwa maandishi na uliweke, kwa sababu hilo nalo ni nyaraka.

Lakini kabla ya hiyo barua, anza karibu. Usiku wa leo, watu wakisharudi kutoka tarawehe na chai ikiwa mezani, keti na babu au nyanya yako. Muulize: ulikuwa wapi mwaka ule? Ulikuwa na nani? Nani mwingine aliona? Andika tarehe, andika majina, andika kama alivyosema, usimrekebishe.

Mimi sikumuuliza wangu. Nilijifunza maana ya maneno yake matatu ya mwisho wa safari kutoka kwenye vitabu, yeye akiwa ameshatutoka. Sitajua kamwe ni nani aliyemwambia pale Hola, dereva gani au askari gani, wala kama aliona kitu kwa macho yake. Faili ile moja ilikuwa imekaa kando yangu kwenye kiti cha basi, imefunguliwa, na mimi nikawa natazama dirishani.

Usifanye kama mimi. Wassalaam, na saumu njema.